Manii huganda kwanza, kisha huyeyuka

Mwanamume mmoja analalamika kwamba manii yake ni mazito na yana mabonge. Mwingine ana hofu ya kinyume: yake ni mepesi mno, majimaji, na anaona haya kumwambia mkewe. Ukiwasikiliza kwenye kiti cha kinyozi pale Kondele, hapa Kisumu, au katika kundi la WhatsApp la Nakuru ambako kila swali la aina hii huanza na "nina rafiki yangu", utadhani ni maradhi mawili. Mara nyingi si maradhi hata moja. Wanazungumzia kitu kile kile. Mmoja amekitazama dakika mbili baada ya tendo, mwenzake amekitazama nusu saa baadaye.

Haya hatukufundishwa vizuri. Biolojia ya kidato cha tatu ilichora mirija na tezi, ikatutaka tukariri majina, basi. Pengo lililobaki limejazwa na wenye kuuza. Pembeni mwa njugu karanga na mizizi ya mukombero kutoka pande za Kakamega utakuta chupa isiyo na lebo inayoahidi "kukaza mbegu". Mukombero wenyewe sina ugomvi nao, utamu wake naujua. Chupa ndiyo yenye maneno mengi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Manii, ambayo wengine huyaita shahawa, ni umajimaji wote unaotoka mwanamume anapofika kileleni. Mbegu ni chembe hai zinazoogelea ndani yake, ndogo kiasi kwamba bila hadubini huwezi kuona hata moja. Mtaani tunasema "mbegu" kwa vyote viwili, kisha tunashangaa kwa nini hatuelewani. Mbegu ni asilimia chache tu ya kile unachokiona. Kingine chote ni umajimaji wa tezi.

Kwa kawaida kiasi kinachotoka kwa mara moja ni kati ya mililita moja na nusu na tano, yaani hakizidi sana kijiko cha chai. Takriban thuluthi mbili, au zaidi, hutoka kwenye vifuko viwili vilivyojificha nyuma ya kibofu cha mkojo. Tuviite vifuko vya manii. Robo hivi hutoka kwenye tezi dume, iliyo chini ya kibofu. Korodani, zinazotengeneza mbegu zenyewe, huchangia kiasi kidogo sana. Kuna pia tezi mbili ndogo zaidi zinazotoa ute mwepesi wa mwanzo, ule wa kulainisha njia. Kwa baadhi ya wanaume ute huo huwa na mbegu, ndiyo maana kumwaga nje si kinga ya kutegemea.

Hesabu hiyo peke yake inajibu swali linalowazuia wanaume wengi kufikiria vasektomi. Wanaogopa kwamba mirija ya mbegu ikifungwa watakuwa wakavu. La. Kinachozuiwa ni ile sehemu ndogo inayotoka korodani. Vifuko na tezi dume viko mbele ya mahali panapofungwa, na vinaendelea na kazi. Mke hatatambua tofauti, na mume mwenyewe hataitambua. Ni hadubini tu itakayoona kwamba mbegu hazimo, na hata hiyo inahitaji muda: baada ya upasuaji, mbegu zilizokuwa zimeshapita bado zipo njiani, kwa hiyo wenzi hutumia kinga nyingine kwa miezi kama mitatu hadi kipimo kithibitishe kwamba zimekwisha.

Ndani ya umajimaji huo mna nini? Maji, kwa sehemu kubwa. Kisha kuna fruktosi, sukari ile ile iliyo katika matunda na asali. Inatengenezwa na vifuko vya manii, na ndiyo chakula cha mbegu safarini. Ni jambo la ajabu kidogo, kwa kuwa sukari ya damu yetu ni glukosi. Aliyethibitisha kwamba sukari ya manii ni fruktosi ni Thaddeus Mann, mwanabiokemia wa Cambridge, katika miaka ya 1940. Tezi dume huleta asidi ya sitriki, ile ya ndimu, pamoja na zinki kwa wingi: mara mia hivi ya iliyo katika majimaji ya damu. Harufu ambayo watu huifananisha na klorini hutokana hasa na kemikali ya manii iitwayo spemini. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyezieleza mbegu kwa mara ya kwanza mwaka 1677 baada ya kuziona kwa lenzi alizozisaga mwenyewe, aliona pia fuwele ndogo katika manii yaliyoachwa yakauke. Fuwele hizo zilikuwa za spemini, ingawa zilipita zaidi ya karne mbili kabla ya wanakemia kujua imeundwaje.

Pamoja na asidi hiyo ya ndimu, manii kwa jumla yako upande wa alkali. Pehashi yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho 7 ndiyo katikati na chini yake ni asidi, huwa kati ya 7.2 na 8. Uke kwa kawaida ni wenye asidi, chini kidogo ya 4.5, na asidi hiyo humlinda mwanamke dhidi ya vijidudu. Mbegu haziipendi. Manii hupunguza makali yake kwa muda, mbegu zikapata nafasi ya kupita.

Sasa kuganda.

Vifuko vya manii hutoa protini iitwayo semenojelini, tena kwa wingi. Ikiwa bado ndani ya vifuko, ni umajimaji. Tezi dume nayo, upande wake, imehifadhi kimeng'enya kinachojulikana kwa herufi PSA, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Vitu hivi viwili havikai chumba kimoja. Hata vinapotoka, havitoki sawia: sehemu ya kwanza ya manii hubeba umajimaji wa tezi dume na mbegu nyingi, na umajimaji wa vifuko hufuata nyuma. Vinapochanganyika tu, semenojelini hushikana nyuzi kwa nyuzi, na manii hugeuka rojo zito papo hapo.

Mtu aliyekulia kando ya ziwa atalielewa hili kwa wavu wa omena. Nyuzi za semenojelini ndizo wavu. Mbegu ndizo omena, zimenaswa, zinatikisika lakini haziendi popote. PSA ni kisu kilichomo ndani ya mtumbwi tangu mwanzo, ila kimo alani, na ala yenyewe ni zinki: maadamu zinki imeishikilia PSA, haikati. Lakini semenojelini ina uchu mkubwa wa zinki. Inaponasana, huikamata zinki na kuivuta kwake. Kwa hiyo wavu unapofungwa ndipo ala inapovuliwa. Kisu kinabaki wazi, kinaanza kukata nyuzi moja moja, na baada ya robo saa hadi nusu saa wavu umekuwa vipande na mbegu ziko huru.

Mimi binafsi sijaona katika mwili wa binadamu saa ya kutegwa iliyotengenezwa kwa ujanja kuliko hii. Kile kile kinachofunga ndicho kinachowasha kile kinachofungua.

Kwa hiyo yale mabonge ya dakika za mwanzo si mbegu zilizoganda, si uchafu, wala si baridi iliyoingia kiunoni. Na ule wepesi wa baadaye si dalili kwamba mbegu zimekufa. Ndivyo inavyotakiwa. Maabara hata huandika muda wa kuyeyuka katika ripoti. Yasipoyeyuka ndani ya saa moja, hapo ndipo mtaalamu anapoanza kuuliza maswali, hasa kuhusu tezi dume, kwa kuwa ndiyo inayoleta kisu.

Tusifananishe kuganda huku na kuganda kwa damu, ingawa mtu anaweza kushawishika. Damu ina mfumo wake mwingine kabisa wa protini. Kwa hiyo kumeza au kuacha dawa za kuzuia damu kuganda ukidhani unarekebisha manii ni kujihatarisha bure.

Kwa nini mwili ujisumbue kuganda halafu kuyeyuka? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba rojo huyashikilia manii karibu na mlango wa kizazi kwa dakika za mwanzo, na kuzituliza mbegu zisimalize nguvu kabla ya wakati. Wanyama wengine wamelichukua jambo hili mbali zaidi. Kwa panya, manii hugeuka kizibo kigumu ndani ya uke. Kwa sokwe mtu pia kuna kizibo, na wanasayansi wengi wanakihusisha na tabia ya jike kupandwa na madume kadhaa: aliyetangulia anamzibia njia anayefuata. Gorila, ambaye dume mmoja hutawala kundi lake, amekuwa akipoteza jeni za semenojelini, hazimsaidii sana. Binadamu tuko katikati. Kila msomaji atatoa tafsiri yake kuhusu hilo, na mimi nitanyamaza.

Halafu kuna fahali. Wafugaji wa Njoro, Molo na Subukia wanamjua daktari wa AI, yaani wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, anayekuja na pikipiki na mtungi wa nitrojeni, anachomoa mrija mwembamba wa manii yaliyohifadhiwa kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Kazi hiyo nchini ina kituo chake Kabete tangu mwaka 1946. Manii ya fahali hayagandi kabisa. Ni mepesi tangu yanapotoka hadi mwisho, na mililita moja inaweza kuwa na mbegu bilioni moja. Mfugaji hamwambii daktari kwamba fahali wake ni dhaifu kwa sababu manii "ni maji". Anauliza mbegu ni ngapi na zinaogelea vipi. Hekima hiyo tunayo zizini, tukifika nyumbani tunaisahau.

Maana unene haukuambii chochote cha uhakika kuhusu mbegu. Manii mazito sana yanaweza kuwa hayana mbegu hata moja. Mepesi yanaweza kuwa nazo milioni mia mbili. Siku ambazo mtu amekaa bila tendo kwa muda, kiasi huongezeka. Akirudia tendo siku hiyo hiyo, hupungua na kuwa majimaji zaidi. Kunywa maji, umri na maambukizi, vyote hugusa sura ya manii. Anayekuuzia dawa ya "kukaza" anakuuzia badiliko la umajimaji wa tezi, kama kweli linatokea, na wewe ulikuwa unatafuta mtoto.

Uvumi mwingine huwaumiza wanawake zaidi. Mke anasimama baada ya tendo, manii yanatiririka, na mama mkwe au shoga anamwambia kizazi chake kinatema, hakishiki. Kutiririka ni matokeo ya ule wavu kukatwa: rojo limekuwa maji, na maji hufuata mteremko. Kufikia hapo mbegu za mbele, zile zilizotoka na sehemu ya kwanza, zimeshaingia kwenye ute wa mlango wa kizazi, kwani huanza kupita ndani ya dakika chache tu. Kinachotoka nje ni umajimaji uliomaliza kazi pamoja na mbegu zilizobaki nyuma. Kulala miguu juu ukutani si lazima. Kwa upande mwingine, kuruka ruka, kukojoa au kujiosha baada ya tendo hakuzuii mimba, kwa sababu hiyo hiyo. Mbegu zilizoingia zinaweza kukaa hai hadi siku tano.

Kuhusu "kupoteza nguvu", twende kwa namba. Mililita mia za manii zina gramu tano hivi za protini. Kijiko kimoja cha chai basi kina robo gramu. Yai moja la kuku lina gramu sita. Mchezaji anayekatazwa na kocha wake kulala na mkewe kabla ya mechi kwa hofu ya kuishiwa protini angepewa yai moja tu, yakaisha.

Damu ni jambo la kuchukulia kwa uzito zaidi. Manii yenye rangi nyekundu au kahawia humtisha mtu, na kwa kijana mara nyingi hupita yenyewe. Lakini ikijirudia, au ukiwa umepita miaka 40, nenda ukaonwe. Kwetu huku kuna sababu moja ambayo daktari wa mbali huenda asiifikirie: kichocho cha aina inayoshambulia njia ya mkojo, ambacho kimeripotiwa katika uwanda wa Kano hapa karibu na Kisumu, kinaweza kutia damu kwenye manii. Mwambie daktari kama ulikulia kwenye mashamba ya mpunga au ulikuwa ukioga mitaroni. Rangi ya kijani, uvundo au maumivu ni mambo ya kliniki, si ya mganga.

Na kwa kuwa tuko Kisumu, tohara. Utafiti mkubwa wa wanaume 2,784 uliofanyika hapa, ukasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa yameshajidhihirisha, ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke. Kinga hiyo inatokana na kuondolewa kwa ngozi ya mbele, ambayo virusi huipenya kwa urahisi. Haibadilishi manii. Mwanamume aliyetahiriwa na ambaye ana virusi bila kutumia dawa anavyo katika manii yake, yawe mazito au mepesi. Kinachobadilisha hali hiyo ni ARV: anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo haambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

PSA hiyo hiyo inayokata wavu ina maisha mengine mawili nje ya chumba cha kulala, na yote mawili yanaleta mkanganyiko.

La kwanza ni mahakamani. Wapo wanaoamini kwamba bila mbegu kuonekana, hakuna ushahidi wa ubakaji. Si kweli. Maabara inaweza kutafuta PSA, ambayo huwepo hata kama mwanamume amefunga mirija na hana mbegu. Isitoshe, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haidai manii yapatikane. Kupenya, hata kwa sehemu, kunatosha kisheria. Aliyefanyiwa unyama asioge, aende hospitali mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kwa kuwa huo pia ndio muda wa kupewa dawa za kuzuia virusi. Akiwa ameshaoga, aende vilevile.

La pili ni kipimo cha damu cha tezi dume, kile ambacho wazee wengi hupewa karatasi yake bila maelezo. PSA kwenye manii hupimwa kwa miligramu. Kwenye damu hupimwa kwa nanogramu, yaani kiasi kidogo mara milioni, kwa sababu si mahali pake, imevuja tu. Tezi ikiwa na saratani, huvuja zaidi. Lakini tezi iliyovimba kwa umri, au yenye maambukizi, nayo huvuja. Kwa hiyo namba iliyopanda si hukumu, na mzee asianze kugawa mashamba. Kumwaga manii siku moja au mbili kabla ya kipimo kunaweza kuipandisha namba, na vilevile safari ndefu ya baiskeli. Ndiyo maana watu huambiwa wavikwepe kwa saa 48.

Turudi kwa wenzi wanaotafuta mtoto. Ikiwa mwaka umepita bila kinga na hakuna mimba, wapimwe wote wawili, si mke peke yake kama ilivyozoeleka. Katika karibu nusu ya visa, upande wa mwanamume unachangia. Kipimo cha manii ni cha bei nafuu na hakiumi, kuliko vingi atakavyofanyiwa mkewe. Mwanamume akae bila tendo siku mbili hadi saba. Sampuli itolewe hospitalini penyewe ikiwezekana. Ukiitoa nyumbani Ahero ukakwama kwenye msongamano ukiielekea Kisumu mjini, zaidi ya saa moja ikipita majibu hayatakuwa na maana. Kondomu ya kawaida haifai kukusanyia, wala sabuni au mate visitumike, kwa sababu vinaziharibu mbegu.

Ripoti itataja kiasi, pehashi, muda wa kuyeyuka, idadi, mwendo na umbo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha kulinganishia kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 42 ziwe zinasogea, na asilimia 4 ziwe na umbo la kawaida. Ndiyo, asilimia nne tu. Wanaume wengi huona "96% si za kawaida" wakalia bure. Kuwa chini ya viwango hivi si kuwa tasa, ni kwamba huenda ikachukua muda mrefu zaidi. Na kipimo kimoja hakitoshi. Mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa, kwa hiyo malaria kali yenye homa ya mwezi jana inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo. Rudia baada ya miezi mitatu.

Majibu magumu kuliko yote ni sifuri: hakuna mbegu hata moja. Hapa ndipo kuganda kunapomfaa daktari. Manii ambayo ni kidogo mno, yana asidi, hayana fruktosi na hayakuganda hata kwa dakika moja yanaeleza kwamba umajimaji wa vifuko haufiki. Ama njia imeziba, ama vifuko havikuumbika tangu kuzaliwa. Manii ya kiasi cha kawaida, yaliyoganda vizuri na yenye sukari, yanaelekeza uchunguzi kwingine: kwenye korodani zenyewe, au kwenye mirija kabla haijakutana na vifuko. Tofauti hiyo ni kubwa. Palipoziba, mara nyingi korodani bado zinatengeneza mbegu, na mbegu hizo zinaweza kuchukuliwa kwa sindano na kutumika katika IVF, yaani kutungisha mimba maabarani, huduma ambayo Kenya ilipata watoto wake wa kwanza mwaka 2006 jijini Nairobi. Gharama yake bado ni kubwa kwa familia nyingi za huku kwetu.